RAM mpya, uzito uleule: tusome dalili kabla hujanunua stiki nyingine

Mtu akilalamika tu kwamba kompyuta yake ya mezani ni nzito, jibu analopewa ni moja, ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu ulizofungua. Kuna wakati ni jibu sahihi kabisa, lakini nimeshaona watu wengi mno wamenunua stiki ya RAM halafu haiingii kwenye sloti, au inaingia mashine inagoma kuwaka, au inawaka vizuri na uzito uko palepale, na nikiwauliza mlichaguaje naambiwa "nilitaka ya 8GB". Basi, hapo ndo tatizo linapoanzia. GB ni swali la mwisho. Mwenye uamuzi ni mazabodi yako, ile bodi kuu, pamoja na prosesa iliyokaa juu yake, hao wawili ndo wanasema stiki ya aina gani itakubalika, kila sloti inabeba kubwa kiasi gani na itakimbia spidi gani. Nimepanga kwa dalili, kwahiyo unaweza kuruka mpaka kwenye yako, ila hii ya kwanza isome hata kama unaona haikuhusu, maana inaweza kukuokoa usinunue kitu usichokihitaji.

Kompyuta nzito, inastaki, kila kitu kinachukua muda

Usifungue kasha bado. Fungua kazi zako zote kama siku ya kawaida, brauza na kurasa zake zote, Excel, muziki, programu ya kuhariri video kama unayo, yaani mashine iwe kwenye hali ileile inayokukera. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda Performance, tazama Memory kisha tazama Disk. Hizo mbili zisome pamoja, ukisoma moja peke yake utadanganyika.

Kama Memory imefika 90% na kupanda, na Disk nayo inahangaika, hapo kweli RAM ni ndogo. RAM ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, kwenye faili linaloitwa pagefile, na ukivihitaji tena inavirudisha, sasa diski ni ya polepole mno ukiiweka karibu na RAM. Stiki moja ya DDR4 (kizazi kimojawapo cha RAM) ya spidi 3200 inaweza kupitisha GB 25.6 kwa sekunde, wakati hadidiski ya kuzunguka inapitisha kama MB 100 hadi 200 kwa sekunde, na hapo ni pale inaposoma faili moja kubwa lililonyooka, ikikutana na vipande vidogovidogo vilivyotawanyika inashuka vibaya sana. Ndo maana ukitoka kwenye brauza kwenda Excel mashine inaduwaa, inasubiri diski.

Kama Memory iko 50% au 60% na Disk iko 100% dakika nzima, RAM haina kosa. Hadidiski imechoka, au haijachoka ila ni ya kuzunguka na Windows za siku hizi zinaizidi nguvu. Hapo weka SSD kwanza, diski ya chipu isiyozunguka. Hata ukijaza GB 32 mashine itaendelea kuwaka polepole na kufungua programu polepole, kwasababu programu ambayo haijawahi kufunguliwa bado lazima itoke kwenye diski. Nalisisitiza hili kwasababu inauma kuona mtu ametoa hela yake kwa RAM ambayo hata hakuwa anaijaza ile ya zamani.

Chini ya grafu kuna neno Committed lenye namba mbili, mfano 13.1/15.8 GB. Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo programu zote zimeshaahidiwa, ya pili ni kikomo cha RAM na pagefile kwa pamoja. Namba hii watu wengi wanaipita bila kuiangalia, na mimi naitegemea kuliko ile asilimia, maana asilimia ikishafika juu inabaki hukohuko na haikuambii umezidisha kiasi gani. Una GB 8 na Committed inasoma 13 ukiwa kazini, basi GB 16 ndo kipimo chako. Inasoma 6 na una 8? Tafuta tatizo kwingine. Na ukiona sehemu ya Cached ni kubwa usishtuke, hiyo ni RAM iliyokaa bure ambayo Windows imeiwekea vitu ulivyotumia karibuni ili vifunguke haraka, programu ikiihitaji inaachiwa papo hapo. Kwenye Linux ni hivohivo, andika free -h na usome safu ya available, ile ya free itakutisha bila sababu.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana sana na RAM ndogo. Asubuhi unawasha inasoma 35%, mchana 60%, jioni 95%, na hujafungua kitu kipya. Hiyo ni programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) inavuja, yaani inachukua kumbukumbu na hairudishi. Ukiongeza RAM utaahirisha tu, badala ya kujaa jioni itajaa kesho. Nenda Processes, bofya safu ya Memory ili ipange kuanzia kubwa, uone nani anapanda siku nzima. Ukikuta hakuna programu yenye namba kubwa na bado RAM imejaa, rudi kwenye Performance uangalie Non-paged pool, kumbukumbu ya Windows na draiva isiyohamishiwa kwenye diski, ikiwa imefika GB kadhaa shuku draiva, anza na ya kadi ya mtandao, pakua toleo jipya uone.

Nimehakikisha ni RAM, niweke ngapi

Kwa brauza na kazi za ofisi GB 8 zinabana siku hizi, 16 zinawatosha watu wengi pamoja na wacheza magemu wengi, 32 ni kwa anayehariri video, anayeendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) au anayefungua mafaili makubwa ya picha na michoro. Windows 11 inakubali kuanzia GB 4 lakini hapo inakubali kuwaka tu, kazi ni habari nyingine.

Kabla ya yote hayo hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Fungua Settings, System, About, soma System type. Ikiwa ni ya biti 32 kikomo chake ni GB 4, na unazoweza kutumia kwa kweli ni kama GB 3 na kitu, kwahiyo hata uweke 16 hazitaonekana. Prosesa ikiwa inaunga mkono biti 64, na karibu zote za miaka mingi iliyopita zinaunga, unatakiwa uweke Windows upya, hamna njia ya kupandisha biti 32 kwenda 64 bila kuanza upya, kwahiyo hifadhi mafaili yako pembeni kwanza.

Stiki haiingii kwenye sloti

Acha kusukuma! Stiki iliyo sahihi inahitaji nguvu kidogo, lakini isiyo yake ukiilazimisha utavunja sloti, na sloti ikivunjika hasara ni ya bodi nzima.

Kila kizazi cha RAM kina kijipengo chake katikati ya yale meno ya dhahabu, na kila kizazi wamekisogeza makusudi ili usiweze kukosea. DDR3 ina pini 240 na inatumia volti 1.5, au 1.35 ikiwa ni DDR3L. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. DDR5 nayo ina pini 288 lakini volti 1.1 na pengo liko sehemu nyingine, kwahiyo kulingana kwa idadi ya pini kusikudanganye, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo. Hakuna adapta, hakuna setingi ya BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine kabla ya Windows), hakuna ujanja wa fundi.

Utajuaje bodi yako ni ya kizazi gani? Prosesa inakupa dondoo. Core i za Intel za kizazi cha 2 mpaka cha 4 ni DDR3. Kizazi cha 6 na cha 7 nyingi ni DDR4 lakini zipo bodi za DDR3L. Ryzen za AMD zenye soketi ya AM4 ni DDR4 tu, za AM5 zilizoanza 2022 ni DDR5 tu. Penye mtego ni Intel kizazi cha 12, 13 na 14, prosesa hizo zinakubali DDR4 na DDR5 zote mbili, ila bodi inakuwa imetengenezwa kwa moja tu, kwahiyo watu wawili wenye prosesa ileile kabisa wanaweza kuhitaji RAM tofauti. Hapo soma jina la bodi, mara nyingi ile ya DDR4 imeandikwa D4 au DDR4 mwishoni mwa jina lake. Jina la bodi unalipata bila kufungua kasha, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia na utafute mstari wa BaseBoard Product. Ukishalipata fungua tovuti ya mtengenezaji, ingiza jina, soma kurasa ya speki, hapo utakuta aina, idadi ya sloti, kikomo cha jumla na mara nyingi hata orodha ya stiki walizozitesti wenyewe.

Halafu kuna zile kompyuta ndogo za mezani, saizi ya kitabu kinene, mfano Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini. Ni za mezani kwa jina, ila ndani zinatumia stiki fupi za laptopu, zinaitwa SO-DIMM. Ukinunua stiki ndefu kwasababu "ni desktop" utairudisha. Task Manager inakuonyesha kwenye Form factor, ikisema SODIMM ni fupi, ikisema DIMM ni ndefu.

Imeingia lakini mashine haiwaki, au inalia tii tii tii

Dalili hii inatisha kuliko zote na mara nyingi ndo rahisi kuliko zote. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini. Sasa toa stiki zote na urudishe moja tu. Sukuma pande zote mbili mpaka usikie vibanio vinagonga kwaa, bodi nyingine zina kibanio upande mmoja tu na ule upande mwingine ndo unabaki juu bila wewe kuona. Hilo peke yake linaponya mashine nyingi kuliko unavyodhani, stiki inakuwa imeingia kwa jicho la haraka lakini kona moja iko juu milimita moja.

Bado? Rudisha ile ya zamani peke yake kwenye sloti yake ya zamani. Ikiwaka, bodi iko salama na mjadala ni kuhusu stiki mpya. Isipowaka hata na ya zamani iliyokuwa inafanya kazi leo asubuhi, basi kuna kitu umekigusa, kagua waya wa pawa wa prosesa, kadi ya picha imekaa vizuri au imechomoka kidogo, sloti ina vumbi. Meno ya dhahabu ya stiki ya zamani yakiwa na wekundu au weusi yasugue taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, au pamba yenye spiriti, pangusa makombo yote, acha ikauke, rudisha. Baada ya hapo jaribu kufuta setingi za BIOS, toa ile betri ya duara, CR2032, subiri dakika tano, rudisha. BIOS inaweza kuwa imeng'ang'ania setingi za stiki za zamani.

Kama ni bodi ya DDR5 kuna kitu lazima ukijue kabla hujakata tamaa. Mara ya kwanza baada ya kubadili RAM bodi inakaa inaipima stiki, na muda wote huo skrini ni nyeusi kabisa, inaweza kuchukua dakika kadhaa hasa kwenye AM5 na stiki kubwa. Mtu anasubiri nusu dakika, anazima kwa nguvu, anawasha, inaanza upya, anazima tena. Iache. Kaa mbali nayo robo saa.

Kuhusu milio usiamini orodha yoyote ya jumla, kila aina ya BIOS ina lugha yake, lakini mlio unaojirudiarudia bila kuacha mara nyingi ni RAM. Tafuta mwongozo wa modeli yako.

Sasa tuseme stiki mpya ni nzima, imekaa vizuri, kizazi ni sahihi, na bado mashine inaikataa. Geuza usome stika yake, hapa ndo penye siri. Kwenye stika utaona kitu kama 8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2, au kwa DDR3 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Ile herufi inayofuata baada ya spidi kwa DDR3, au baada ya deshi ya mwisho kwa DDR4, ndo inaongea. U ni ya kawaida ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu. E ni ya kurekebisha makosa, yaani ECC. R ni ya seva. Kwenye DDR3 na DDR4 stiki ya R inaingia kwenye sloti yako vizuri kabisa, pengo lipo sehemu ileile, na mashine haitawaka hata ukeshe nayo. Niliwahi kukaa jioni nzima na mashine ya rafiki, nikasafisha, nikafuta BIOS, nikabadili sloti zote nne, mwisho nikachukua tochi nikasoma stika, herufi ilikuwa R. Toka siku hiyo stika ndo kitu cha kwanza kusoma, na stiki za R zinauzwa kwa wingi kama mitumba kwakuwa seva zinapostaafishwa zinatoa nyingi sana, kwahiyo ukikuta GB nyingi kwa hela ndogo isivyo kawaida, tafuta hiyo herufi kabla hujalipa.

Tazama pia 1Rx8 au 2Rx8, hiyo x8, upana wa data wa kila chipu, ndo kawaida ya mezani. Ukikuta stiki ya DDR2 au DDR3 isiyo ya seva lakini chipu zake ni x4, au muuzaji ameandika ni ya AMD tu, na wewe una Intel, achana nayo. Mashine za Intel haziwezi kuzisoma.

Halafu kikomo cha kila sloti. Intel za mezani kizazi cha 2 mpaka cha 4 mwisho ni GB 8 kwa stiki moja. Bodi ya chipseti (chipu kuu ya bodi) ya H61 ina sloti mbili, kwahiyo mwisho wake ni 16 na hapo ni 8 mbili, stiki moja ya 16 haitakubali ingawa jumla ni ileile. Maswali ya kuuliza bodi yako ni mawili basi, jumla ngapi na kila sloti inabeba ngapi.

Inawaka, lakini GB zinaonekana pungufu

Kwanza, kama mashine ilisimama mwanzoni ikasema kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, bonyeza kitufe wanachokuelekeza, mara nyingi F1, uingie BIOS uhifadhi. Sio hitilafu, kompyuta za ofisini huwa zinauliza hivyo.

Kwenye Task Manager soma Hardware reserved. Kama hauna kadi ya picha ya pembeni, ile picha iliyo ndani ya prosesa inachukua kipande cha RAM, mia kadhaa za MB au GB 1, 2, hiyo ni haki yake na unaweza kupunguza BIOS ikiruhusu. Lakini ukikuta iliyoshikiliwa ni nusu ya RAM yako yote hapo kuna jambo. Andika msconfig, nenda Boot, Advanced options, angalia kama Maximum memory imewekewa tiki, itoe, ristati. Wapo wanaoweka tiki hiyo wakiamini wanaongeza spidi, na kumbe wanaifunga RAM yao wenyewe. Ikiwa haina tiki, angalia BIOS inaona ngapi. BIOS ikiona zote na Windows haioni, kosa ni la Windows: biti 32, au toleo lenye kikomo, mfano Windows 7 Home Basic inaishia GB 8 na Home Premium inaishia 16. BIOS nayo isipoziona, kosa ni la vyuma: stiki haijakaa, sloti mbovu, au pini ya soketi ya prosesa imepinda. Hilo la pini linawashangaza wengi, lakini njia za kumbukumbu zinapita ndani ya prosesa, hivyo sloti mbili za upande mmoja zikifa kwa pamoja na umetoka kubadili prosesa juzi, au umekaza hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) upande mmoja kupita kiasi, anzia hapo.

Imeandikwa 3200, inasoma 2133

Ukitumia CPU-Z, programu ya kusoma vyuma vya mashine, na ikasoma kama 1600 wakati stiki ni 3200, hakuna kilichoharibika. DDR inapeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa, na CPU-Z inaonyesha pigo lenyewe, zidisha mara mbili. Na kama stika imeandikwa PC4-25600 hiyo sio spidi kubwa zaidi, ni MB kwa sekunde, gawa kwa 8 upate 3200. PC3-12800 gawa kwa 8 ni 1600.

Ila ikisoma 2133 au 2400 kweli baada ya kuzidisha, kuna sababu tatu. Setingi ya XMP, inayoruhusu stiki ikimbie spidi iliyoandikwa, haijawashwa kwenye BIOS, kwenye bodi za AM5 utaikuta kwa jina la EXPO, stiki za spidi kubwa zinaanza na spidi ya tahadhari mpaka wewe useme. Au bodi na prosesa vina kikomo, Core i5-6500 kwa mfano ni DDR4 ya 2133, na bodi ya chipseti ya H310 haipiti 2666, kwahiyo stiki ya 3200 itafanya kazi humo ila kwa mwendo wao. Au umechanganya, na zikichanganywa zote zinatembea kwa spidi ya ile ya polepole. Kuna sababu ya nne isiyopendeza, stika imebandikwa juu ya stiki nyingine. Fungua CPU-Z kwenye SPD, pale inasoma kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya stiki yenyewe, ikionyesha modeli na spidi tofauti na stika, rudisha.

Binafsi sipotezi usingizi kwa namba hizi. Kuna spidi na kuna CL, yaani mapigo ya saa ambayo stiki inasubirisha kabla ya kutoa data, na zote zinahesabika pamoja, chukua CL zidisha kwa 2000 gawa kwa spidi unapata nanosekunde za kusubiri. 3200 ya CL16 ni 10. 3600 ya CL18 ni 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30, ni 10 pia. Spidi kubwa inapitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, hilo ni kweli, lakini kama hela inatosha kimoja tu, yaani GB 16 za haraka au 32 za kawaida, na Committed yako inagonga 20, chukua 32 bila kufikiria mara mbili.

Na kwa wenye DDR5 nawaomba sana msijaze sloti nne. Ryzen 7000 rasmi inakwenda 5200 ukiwa na stiki mbili, ukiweka nne inashuka mpaka 3600. Ukitaka 64 nunua 32 mbili.

Inafanya kazi halafu inazima, skrini ya bluu, mafaili yanaharibika

Maneno kama MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA kwenye skrini ya bluu yanaweza kutokana na RAM, yanaweza pia kutokana na draiva, kwahiyo usihukumu kwa jina. Angalia lini yameanza. Yakianza siku ile uliyoweka stiki, zima XMP kwanza, tumia siku mbili. Yakiisha, stiki ni nzima ila mchanganyiko wenu haustahimili spidi ile, shusha hatua moja, kutoka 3600 hadi 3200 kwa mfano.

Yasipoisha pima. Windows ina kipimo chake, andika mdsched, ni cha haraka na ni bora kuliko kukosa, lakini mimi naamini zaidi MemTest86 au Memtest86+, unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kutokea kwenye flashi, unaiacha ilale inazunguka mizunguko minne. Kosa moja tu likitokea ni kosa. Usiseme "ni moja tu kati ya mabilioni", biti moja iliyogeuka inaweza kuangukia kwenye picha ukaona nukta, inaweza kuangukia kwenye faili la hesabu ulilohifadhi na usijue mpaka mwakani. Makosa yakionekana pima stiki moja moja kwenye sloti ileile, utajua ipi. Ikipita kila moja peke yake na zikiwa pamoja zinafeli, ni ndoa haiendi, na hiyo inatokea sana ukichanganya kampuni, ukubwa na umri. Mchanganyiko unaweza kufanya kazi miaka kumi, siukatai, mashine nyingi ziko hivo, ila kama unanunua sasa nunua mbili zilizofungwa pakiti moja, zimetestiwa pamoja.

Zote ziko sawa ila magemu hayajabadilika

Angalia zimekaa sloti zipi. Prosesa za kawaida zina chaneli mbili za kumbukumbu, stiki moja inatumia moja, stiki mbili kwenye chaneli tofauti zinatumia zote na upana unakuwa mara mbili, GB 25.6 kwa sekunde inakuwa 51.2. Kwa anayetegemea picha ya ndani ya prosesa hii ndo tofauti ya gemu kuchezeka na kutochezeka, kwasababu picha inakula RAM hiyohiyo. Kwahiyo 8 mbili ni bora kuliko 16 moja kwake, hata kama anajinyima sloti ya baadaye. Ukiwa na 8 na 4, Intel nyingi zinaunganisha 4 na 4 kwa chaneli mbili na zile 4 zilizobaki zinatembea kwa moja, sio mbaya kama watu wanavyosema.

Bodi ya sloti nne, hesabu kuanzia kwenye prosesa, stiki mbili zinakaa ya pili na ya nne, kwenye bodi utaona imeandikwa A2 na B2. Wengi wanazipanga ya kwanza na ya pili kwakuwa ziko jirani, na hapo zote zinakuwa kwenye chaneli moja. Fungua CPU-Z, Memory, soma Channel. Ikisema Single, au 1 x 64-bit, na wewe una stiki mbili, zima, chomoa waya, sogeza moja iende kwenye chaneli nyingine, washa, soma tena.